Mbwa Aliyeitwa Mugumba

Tulimzika Veronika Jumamosi iliyopita kule Kabambare, na tangu nirudi hapa Kasongo mgongo unaniuma kwa ajili ya ile pikipiki na barabara yake, na moyo unaniuma kwa ajili ya maneno niliyosikia matangani. Watu walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema marehemu alikuwa mpole, mama wa watu wote. Kijana mmoja aliyevaa koti la suti lililompwaya alisema hakuwahi kumsikia Mama Veronika akipaza sauti. Nilitaka kuinuka kwenye mkeka nimwambie aende akaulize kijijini kwake Lusangi. Mimi nilimjua Veronika. Nilikaa naye nyumba moja karibu nusu mwaka, nikiwa bado msichana katika mwaka wa pili wa ndoa, na katika miezi ile hatukupeana neno jema hata moja. Alinichukia, nami nikamchukia, mchana kweupe, mbele ya majirani. Nilipowasikiliza wale watu nikaona wanamzika mwanamke mwingine nisiyemfahamu. Ndiyo maana naandika.

Pascal, mume wangu wa wakati ule, alinifikisha Lusangi mwanzoni mwa kiangazi, siku ambayo moshi wa nyasi zilizochomwa ulikuwa umefunika vilima vyote. Alikuwa anakwenda machimboni kutafuta dhahabu, na machimboni si mahali pa mke, alisema, kwa hiyo ningekaa kwa dada yake mkubwa, Veronika, mpaka arudi. Dada yake tulimkuta kibarazani akimtoa mbwa kupe kwa kucha. Hakuinuka. Alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi vidole vya miguu, kisha akamuuliza ndugu yake, kana kwamba mimi ni gunia lililoshushwa, "Pascal, umeniletea mutu wa kazi ao mutu wa kula?" Pascal akacheka, akasema, "Anajua kazi, Yaya," maana kwetu Yaya ni dada mkubwa. Veronika akapasua kupe juu ya jiwe. "Na tumbo? Mwaka wa pili huu, na tumbo iko kama ubao." Pascal akacheka tena, kile kicheko cha mwanamume anayetaka kuanza safari mapema. Uso wake umeanza kunipotea sasa, lakini kile kicheko bado nakisikia.

Veronika alifuga mbwa wa kuwinda. Ilikuwa kazi ya baba yake, na wanaume wengi walisema haimfai mwanamke, lakini walewale ndio waliotoka hata Kabambare kuja kumbembeleza awape mtoto wa mbwa. Walikuwa mbwa wadogo wekundu, kifua cheupe, masikio wima, mkia umejikunja kama kata ya kubebea mtungi. Hawabweki. Wakifurahi hutoa sauti ya ajabu, kama mtu anayejaribu kuimba akiwa na mafua, na porini huvishwa kengele ya mti shingoni ili mwindaji ajue walipo. Nyumba ilikuwa ya udongo. Chumba changu ndicho kilichotundikwa nyavu za kuwindia, nami nililala chini yake nikinusa damu kavu na moshi. Jiko lilikuwa nyuma, limejitenga, na mbwa walilala humo kwenye majivu yenye joto. Kila asubuhi nilichemsha mihogo pamoja na mifupa na vichwa vya samaki, nikatia mawese, nikasubiri ipoe, nikamimina kwenye kihori. Chakula cha mbwa Veronika alikionja mwenyewe kwa kidole. Changu alikinusa tu. Yeye alikula kibarazani, mimi jikoni, na kupitia ukuta nilimsikia akiwasimulia mbwa habari zangu na za kisamvu nilichopika: "Leo tena ameunguza sombe. Mama yake alimufundisha nini huyu?" Alizungumza nao kwa upole. Hiyo ndiyo sauti ambayo yule kijana mwenye koti angeisikia, kama angezaliwa mbwa.

Na mbwa wake aliwapa majina ya kusema na watu. Jike kubwa, lililokuwa na mimba nilipofika, liliitwa Watasema. Dume mmoja aliitwa Mulikuwa-Wapi, na mke wa jirani aliniambia kisimani kwamba alipewa jina hilo mwaka Veronika alipomzika mtoto wake wa pekee na watu wa pale wakachelewa kuja kumlilia. Tangu hapo, kila alipomwita mbwa wake jioni, uwanja mzima ulikuwa ukiulizwa swali. Mumewe alikuwa ameondoka zamani, hakuna aliyethubutu kuuliza alikwenda wapi. Jirani wa karibu kabisa alikuwa Mzee Salumu, Mwislamu mwenye ndevu fupi na hasira ndefu, ambaye aligombana naye karibu kila siku kwa sababu mbwa walipenya uani na kulamba birika lake la udhu. "Veronika! Funga imbwa zako! Nitasuuza hii birika mara ngapi?" Na Veronika alijibu bila kuacha kazi yake, "Funga birika yako, Mzee. Imbwa iko na miguu, birika haina."

Watasema alizaa jikoni, nyuma ya mafiga, Veronika akiwa sokoni. Mimi ndiye niliyechuchumaa pale, nikapangusa vile vitoto kwa kipande cha kikwembe, kitenge nilichojifunga, nikaviweka kwenye titi. Nilifikiri akirudi ataniambia ahsante. Alirudi, akahesabu, akainua kila kimoja kwa ngozi ya shingo, akasema, "Umewashika sana. Watanuka weye." Akaenda kuvua viatu. Lakini kuanzia hapo kazi ya watoto wa mbwa ikawa yangu: kuwapa uji, kuwaotesha moto asubuhi za baridi ya kiangazi, kuwatoa viroboto, kuwazoesha kengele ya mti, kuwaburutia ngozi ya ndezi kwenye majani ili wajifunze kufuata harufu. Nilianza kuipenda ile kazi, na nadhani aliona, maana hapo ndipo alipoamua kuwapa majina. Jioni moja, majirani wakiwa bado uani wanatwanga na kuchambua, alimnyanyua jike mdogo mwenye alama nyeupe puani, mzuri kuliko wote, akasema kwa sauti ya kufika mpaka barabarani, "Huyu jina lake Mugumba."

Mugumba ni mwanamke asiyezaa. Michi ikasimama kwenye vinu. Nikamwambia, "Yaya, usifanye hivyo." Hata nilipokuwa namtukana nilianza na Yaya, ndivyo tulivyolelewa. Akanijibu, "Nafanya nini? Iko imbwa tu." Na kwa kuwa kuwaita watoto wa mbwa kwenye chakula kulikuwa kazi yangu, kila asubuhi na kila jioni nililazimika kusimama katikati ya uwanja na kulitaja jina langu mwenyewe: Mugumba, njo! Mugumba, njo kula! Watoto wa jirani walinisaidia kuita. Nilivumilia siku kadhaa. Halafu nikamchukua dume mdogo, yule aliyekuwa bado hana jina kwa sababu ya unyonge wake, nikasimama palepale alipokuwa amesimama yeye, nikaita kwa nguvu zangu zote: "Aliachwa! Aliachwa, njo hapa!" Kisha nyuma ya ua wa Mzee Salumu mwanamke akaangua kicheko, akakiziba kwa mkono, kikatoka tena puani. Veronika akaibuka ndani na mwiko mkononi. "Umeita nani?" Nikasema, "Imbwa, Yaya. Imbwa tu." Alinipiga mwiko begani. Mimi nikamnyang'anya mwiko, nikautupa juu ya paa. Sijutii hata leo. Kiangazi chote kile Lusangi ilitusikia tukitukanana kwa kupitia mbwa, na wale watoto wa mbwa, maskini, walikua wanene na wepesi, wakija mbio wakitikisa mikia kila tulipowaita kwa yale majina machafu.

Kiangazi kilikuwa kimekaza nilipomwona mbwa mgeni. Nilikuwa kisimani, Watasema amenifuata. Yule mbwa alitokea kwenye kijia cha machimboni, mwembamba, ute unamning'inia, anatembea moja kwa moja kama mtu aliyetumwa. Hakutazama kulia wala kushoto. Watasema alisogea kumnusa. Akamrukia, akamng'ata mdomoni, akamwacha, akaendelea na safari yake. Lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua. Baadaye akauma mbuzi wawili karibu na soko, wanaume wakamuua kwa majembe. Shefu wa lokalite, mkuu wa kijiji chetu, akapita nyumba kwa nyumba akiuliza ni mbwa gani ameguswa. Tulikuwa tumesimama uani, mimi na Veronika, tumepeana migongo. Nikasema, "Watasema ameumwa. Nimeona na macho yangu."

Veronika aligeuka polepole. Kwenye mdomo wa mbwa kulikuwa na mkwaruzo mdogo tu, karibu umekauka. "Muongo," alisema. "Shefu, huyu anatafuta njia ya kuniua. Ameshindwa kiangazi chote, sasa amepata." Shefu alimtazama, akanitazama mimi, na nikaona anakumbuka mwiko, anakumbuka Aliachwa, anakumbuka vicheko vyote. Nilisema ukweli na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuniamini. Hata hivyo akaagiza mbwa auawe, kwa tahadhari. Walipokuja vijana wake, Veronika alikuwa mlangoni na panga, na Watasema yuko chumbani kwake, amefungiwa. Hakupiga kelele. Alisema, "Wa kwanza aingie." Hakuna aliyeingia. Shefu akasema basi, mtajionea wenyewe, na kuanzia siku ile tulitengwa. Hakuna mtu aliyepita kwenye uwanja wetu. Wanawake waliniondolea kata ya kutekea maji kisimani nikifika. Mke wa jirani aliyekuwa akitucheka sasa aliwaita watoto wake ndani kila aliponiona nikichungulia.

Nilichofanya mimi ni kuwachukua watoto wa mbwa. Walikuwa wanakaribia kuacha ziwa. Niliwafungia jikoni, nikakaza mlango kwa kamba ya nyavu, nikalala humo humo nao. Veronika alikuja kugonga kwa mguu. "Rudisha watoto kwa mama yao!" "Hapana, Yaya." "Nitachoma hii jiko!" "Choma. Utanichoma pamoja na Mugumba." Nilimsikia anavyohema nje ya mlango, kisha akaondoka. Tuliishi hivyo wiki kadhaa, yeye chumbani na mbwa wake mmoja, mimi jikoni na wengine, tunapishana uani bila kusalimiana. Nikaanza hata mimi kujiuliza kama niliona vizuri. Watasema alikula, alitikisa mkia, alitoa ile sauti yake ya kuimba. Siku moja Veronika alimtoa nje kwa makusudi, akamtembeza mbele ya mlango wa jiko kwa kamba, taratibu, akinitazama. Mwili wake wote ulikuwa unaniambia: unaona?

Kisha sauti ya mbwa ikabadilika. Nilikuwa natwanga muhogo, saa za mchana, nikasikia kutoka chumbani kitu kama mlango wa bati unaoburutwa. Halafu nikasikia Veronika analia. Sikuwa nimewahi kumsikia akilia kabla ya hapo, kwa hiyo kwanza sikujua ni nani. Niliingia na mchi niliokuwa nao. Bakuli la maji lilikuwa limepinduka, Watasema amening'inia kwenye mkono wake, macho mekundu, hamjui tena. Nilipiga. Nilipiga tena, na tena, mpaka kukawa kimya. Veronika aliteleza chini ukutani, mkono unavuja juu ya kikwembe, akanitazama, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Umefurahi sasa?" Nilichemsha maji, nikachukua kipande kizima cha sabuni, nikamwosha yale matundu hadi sabuni ikaisha, yeye akinitukana kwa Kibangubangu kwa sababu Kiswahili kilikuwa hakimtoshi.

Mwuguzi wa dispanseri ya karibu alitwambia dawa yake iko hospitali kubwa, Kasongo, na tusichelewe. Hakuna mwanamume aliyekubali kutusindikiza. Niliita kwenye uwanja wa kwanza, wa pili, wakafunga milango. Aliyekuja ni Mzee Salumu, anasukuma baiskeli yake, ile tunayoiita kinga, yenye kiti imara cha nyuma. Akaiegemeza kwenye ua bila kumtazama Veronika. "Mimi sisaidie imbwa," alisema. "Nasaidia mutu. Mukirudi nayo imevunjika, tutasikilizana." Nilimwomba awape watoto wa mbwa chakula. Akanitazama kama nimemwomba ale nguruwe. "Kwa muti murefu," akasema mwishowe. "Nitasukuma chungu kwa muti murefu. Kuwashika, hapana."

Ile safari sipendi kuisimulia. Veronika alikataa kupanda baiskeli, akatembea mbele yangu kwa kiburi mpaka miguu ikamwishia, ndipo akaketi kwenye kiti cha nyuma, nami nikamsukuma milima na mchanga, jasho linaniingia machoni. Penye vijiji tuliomba pa kulala, na wakisikia mbwa mwenye kichaa wanarudi ndani. Mahali pamoja walituonyesha banda la mbuzi. Njia nzima alilalamika: nasukuma vibaya, nachagua mawe, namtikisa makusudi. Nilimwambia, "Yaya, nikitaka kukuua ningekaa nyumbani." Kwenye mto uliofuata akaanza upya.

Hospitalini walimchoma sindano za tumboni, moja kila siku, na kila siku alirudi kitandani amejikunja. Mimi nilipika uani pamoja na wanawake wengine wenye wagonjwa, ugali na sombe, wakati mwingine ndakala, dagaa wa huku kwetu. Mwuguzi aliuliza kama mimi ni mdogo wake. "Haiko mudogo yangu," Veronika akasema. "Ni bibi ya ndugu yangu, na hanipendi." Mwuguzi akacheka akidhani ni utani. Kila asubuhi, kabla sijakaa, Veronika aliniomba maji. Alikuwa amesikia wagonjwa wakisema kwamba ugonjwa ule ukikupata, maji hayapiti kooni. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akanikazia macho juu ya ukingo wake, akanywa mpaka tone la mwisho, taratibu, ili nione. Sijamwona mtu akiogopa namna ile. Siku moja alipomaliza aliniuliza, macho yake yakiwa dirishani, "Yule imbwa, ulimuona kweli?" Nikasema nilimwona. Akafikiri. "Basi ungenipiga mimi na mchi siku ile ile, uninyang'anye imbwa kwa nguvu. Weye unapiga kelele tu, kama redio."

Tuliporudi Lusangi mvua zilikuwa zimeanza. Watoto wa mbwa walikuwa wamekuwa mbwa. Mzee Salumu alituonyesha ule mti mrefu, umesuguka mwisho wake, akasema wanamsumbua, na hasa yule Mugumba, ambaye amejifunza kuuvuta mti kwa meno. Alilitaja lile jina bila kucheka. Mugumba ndiye aliyekuja kuongoza wengine porini kwa miaka mingi. Wawindaji walimgombania na Veronika hakumtoa.

Pascal alirudi wakati wa kupalilia mahindi. Hakurudi peke yake. Alikuwa na mwanamke mchanga kutoka machimboni, tumbo liko mbele, amevaa kikwembe kipya. Walikaa kibarazani. Niliwaletea wote maji, nikasimama kwenye pembe ya nyumba. Pascal akaanza na kicheko chake. Akasema mimi ningerudi kwetu, mambo yasiwe marefu. "Mwenyewe ulisema, Yaya. Yeye ni mugumba. Mpaka imbwa inaitwa hivyo." Veronika alikuwa akishona kamba ya kengele. Aliiweka chini. "Mimi nilisema," alimwambia. "Weye nani alikuambia useme? Huyu ni adui yangu mimi. Haiko yako. Kama unataka adui, tafuta wako." "Chumba iko na mutu," Veronika akaendelea. "Usiku haujaingia bado. Shikeni njia." Na wakaenda, yule mwanamke akishika kiuno, Pascal akigeuka mara kwa mara kutazama kama tunatania.

Sikubaki, hata hivyo. Nisingeweza kukaa katika nyumba ya dada wa mume asiyenitaka, hata kama dada huyo amenipigania kwa namna yake. Wauza mawese walipopita kwenda Kasongo niliwafuata na mzigo wangu kichwani. Veronika alikuwa anamimina chakula cha mbwa. Nilisimama nyuma yake nikisubiri neno. Akasema bila kugeuka, "Umeacha chungu wazi. Kuku wataingia." Nilirudi nikakifunika, nikaondoka.

Hapa Kasongo niliuza mawese, nikaolewa tena na mtu mtulivu ambaye naye nimemzika. Sikuzaa. Neno lile lilikuwa kweli, na nimeishi nalo vizuri kuliko nilivyodhani wakati nikiliita uani. Na Veronika akaanza kuja. Mara ya kwanza alisema amepotea njia. Baada ya hapo hakutoa sababu, alifika tu kila kiangazi, akashusha mzigo mlangoni kwangu, akakaa wiki nzima, akakosoa kitanda, chumvi, majirani. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka jana. Kijana wa pikipiki alimshusha kama anashusha mayai. Alisimama, akapapasa mlango, macho yake yameingia ukungu, akanisogelea mpaka pumzi yake ikanigusa ili anione. "Umezeeka vibaya," akasema.

"Weye umeoza kabisa, Yaya," nikamwambia, nikabeba mzigo wake ndani.